Alama ya Kutoa

Mwalimu Ambani kaitwa mkutanoni,
kaniachia funguo, chaki na Kidato cha Tatu.
Mimi si mwalimu. Mimi ni wa kuosha mirija,
wa kuhesabu vile vikombe vyeupe, vyepesi kama povu,
nilivyonunua kwa muuza uji sokoni Luanda:
kumi na viwili, kimoja kina ufa
niliouziba kwa gundi ya fundi viatu.

Hamsini za asidi. Hamsini za soda kali.
Zimelala usiku kucha kwenye rafu moja
zikiwa na nyuzi ishirini na mbili na nusu,
kama majirani wasiosemezana.
Zikutanishe. Koroga. Usipumulie juu yake.

Uzi mwekundu ukaanza kupanda.
Thelathini. Thelathini na tatu. Thelathini na tano,
hapo ukasita,
kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alichotumwa.

Gramu mia, mara nne nukta mbili,
mara kumi na mbili na nusu:
juli elfu tano mia mbili na hamsini.
Gawanya kwa sehemu ya kumi ya moli.
Kilojuli hamsini na mbili na nusu.
"Na mbele yake," nikasema, "tia alama ya kutoa."

Minayo akaweka kalamu chini.
Mtoto huyu hutii kwa masharti.
"Kikombe kimepata joto. Nimekishika. Kimepata.
Nitaandikaje kutoa?"

Miaka kumi na tisa nimewasikia walimu wakijibu swali hilo
kwa kusoma ukurasa uleule, kwa sauti kubwa zaidi:
mabadiliko ya enthalpia ni hasi, andikeni, hasi.
Nikamwambia: wewe unayatazama maji.
Hesabu haiyaulizi maji.
Inawauliza wale wawili waliokutana.
Wamevunja fundo, wamefunga jingine,
na kilichowazidi mkononi wakakitoa nje.
Lugha yako imekwisha kukujibu:
kutoa ni kupunguza, kutoa ni kumpa mtu.
Neno moja, mwanangu.
Aliyepewa anapanda. Aliyetoa ndiye anayeandikwa hasi.

Mvua ya saa tisa ikashuka juu ya mabati,
sikusikia kama alisema asante.

Meza ya nyuma walikuwa wamekwisha chungulia kitabu:
hamsini na saba nukta tatu,
jibu safi, halikulowesha hata kidole.
Minayo hakufuta lake. Akapiga mstari, akaandika chini:
*Zimepotea nne nukta nane. Ninaowashuku:
kikombe;
kipimajoto chenyewe, kilichoonja kabla ya kusoma;
dirisha la tatu, halina kioo tangu muhula wa kwanza;
kiganja changu, kwa sababu kulikuwa na baridi
nikakishika kikombe kuliko ilivyohitajika.*

Jioni nikakunjua hati yangu ya mshahara kwenye benchi.
Chama cha akiba. Bima.
Mkopo wa mabati ya mama kule Kaimosi.
Karo ya mtoto wa marehemu kaka,
anayenisalimia kwa simu mara moja kwa muhula.
Kila mstari na kijiti chake kimelala mbele ya tarakimu.
Sikuwahi kuvisoma vijiti hivyo namna hii,
kwamba mahali fulani, kwa ajili yake,
uzi mwekundu wa mtu umepanda.
Sisemi nimefarijika. Elfu tatu ni elfu tatu.
Na mimi pia nina dirisha la tatu,
nisiloweza kulionyesha kwenye karatasi yoyote.

Nikamwaga vikombe, kimoja kimoja.
Asubuhi yaliyomo yangenichubua ngozi.
Sasa ni maji ya chumvi tu,
hayamdai mtu.
Kile chenye ufa kilikuwa bado na uvuguvugu,
sijui kwa nini, kingepaswa kuwa cha kwanza kupoa.
Nikakiacha cha mwisho.