Kila Kituo

Kioo cha tramu namba saba hakina adabu.
Saa kumi na moja alfajiri, depo ya Wrocław,
kabla sijajaribu kengele wala milango,
kinanionyesha abiria wasiolipa nauli:
kumi na wanne, wamejipanga kidevuni,
weusi tisa, weupe watano,
wamepanda usiku nilipokuwa nimelala.

Nimewashusha kwa nguvu miaka ishirini na sita.
Kibanio changu kina kijisanduku chake, kama pete.
Kwenye taa nyekundu mkono hupanda wenyewe,
kidole hupapasa,
na aliyekaa nyuma hudhani dereva ana mawazo mazito.
Anayo.

Mama alikuwa na zake. Hatukuzitaja.
Alizing'olea dirishani jikoni, ametupa mgongo,
mpaka wodi namba nne, mkono wa kulia umekufa,
maneno yamebaki mawili na yote ni majina ya paka,
akanitazama, akanionyesha kidevu.
Nikavuta pazia. Nikatoa kibanio.
Muuguzi alipoingia nilikificha kama mwizi
na mama akacheka kwa nusu ya uso.

Mimi sina binti.

Basi nikaenda kwenye leza, jengo la vioo.
Kijana Tymoteusz, meno yamenyooka kama reli mpya,
akanivika miwani ya kijani. Mara sita, akasema, au nane,
robo saa tu, kama mpira unaokuchapa ngozini.
"Mwanga hufuata weusi, mama. Hushika rangi ya unywele,
ukateremka nayo mpaka kwenye shina."
Na weupe?
Akapekua karatasi zake.
"Weupe hauuoni."

Kwamba mwanamke akiota mvi haonekani,
hilo nililijua kwa wanaume.
Sikujua kwamba na mashine zimeambiwa.

Kwa Leokadia ni ghorofa ya tatu, hakuna lifti,
ngazi zinanuka uyoga uliokaushwa.
Sindano yake nyembamba kuliko unywele wenyewe
huingia palepale unywele unapochomoza,
umeme kidogo, tsss,
na ule ulionisumbua tangu harusi ya dada yangu
unatoka bila ubishi.
Mmoja. Halafu mmoja.
"Mwaka," alisema, "pengine miwili. Hawaamki wote siku moja.
Wembe ruhusa. Kibanio kazike."

Nilipima wiki tatu, zamu ya asubuhi na ya jioni.
Leza ni treni ya Warszawa:
vituo vidogo huvipigia honi tu.
Sindano ni kazi yangu mimi,
kusimama kila kituo, hata kile
ambacho anayesubiri ni mvua peke yake.
Ningeweza kupanda zote mbili,
weusi kwa mwanga, weupe kwa umeme;
Jolanta wa zamu ya usiku alinishauri hivyo, na hakukosea.
Lakini weusi wangu nao wako njiani kuwa weupe.
Nikalipia ngazi.

Juu ya mdomo panauma, tusidanganyane.
Alhamisi ya kwanza nililia mpaka masikio yakalowa.
Alhamisi ya tano, vipele vyekundu,
na mtoto mmoja, kwa sauti ya tramu nzima,
akauliza kama mbu huuma Februari.

Alhamisi ya kumi na tisa jua lilituingilia.
Leokadia akainama na lenzi yake,
nami, chali, kwa mara ya kwanza nikamtazama kutoka chini:
chini ya taya, uzi mmoja mweupe,
mrefu, umejikunja kama alama ya kuuliza.
Akajua nimeuona.
Akazima mashine. "Kinyozi hajinyoi," akasema,
na akaanza kutafuta glavu ambazo alikuwa amezivaa.

Kaa hapa dirishani, nikamwambia.
Kile ulichoniambia nikakizike
kimo mkobani.