Ramani ya Kigoda

Baba aliijenga nyumba ikitazama barabara
mwaka aliopandishwa cheo kiwanda cha magunia.
Vyumba vitatu, mabati membamba,
na upande wa magharibi madirisha mawili mapana
ili wapitao kwenda Rau wajue humu mna watu.
Jua nalo likajua.

Kila Januari, saa tisa alasiri,
sebule ilikuwa chungu kilichofunikwa.
Mabati yakitanuka, ta, ta,
siagi ikigeuka mchuzi mezani,
na wageni wakikumbuka ghafla kuwa wana safari.

Kaka Eliawony alituma ujumbe kutoka Dodoma:
nunueni kiyoyozi, yaishe.
Fundi Ndelilio alitaka vioo vya aluminiamu,
"ukuta mzima, dada, kama benki."
Mimi ramani sikuwa nayo. Nilikuwa na mama.

Mama hana saa ya mkono. Ana kigoda.
Wiki nzima nilimfuata na chaki
kama trafiki anayepima ajali,
nikizungushia alama miguu yake mitatu:
saa mbili, ukuta wa mbele, kivuli bado kibichi;
saa sita, kaskazini, chini ya ukingo wa paa,
magoti kivulini, vidole vya miguu juani;
saa nane, nyuma, kati ya jiko na mparachichi,
pale upepo unapopanda kutoka mashamba ya miwa
na kupita katikati yetu bila hodi.
Saa kumi na moja alirudi mbele
akakaa, jua likimpiga usoni, macho ameyakunja.
Hiyo nikaifuta kwa soli ya kandambili.
Nikasema, uzee.

Tukajenga tukiifuata chaki.
Chumba kipya tukakilaza ubavu,
kichwa mashariki, miguu magharibi,
tundu la chini kusini, upepo uingie,
tundu la juu kaskazini, utoke,
maana joto, alisema Ndelilio siku alipolainika,
ni kama moshi wa kuni: halitoki mlangoni.
Ukuta wa mawe ya mtoni, unene dhiraa nzima.
Paa tukalivuta kama kofia mpaka kwenye nyusi.
Kati ya bati na dari ya mbao
tukaacha nafasi ya kiganja, hewa ipumue.
Na magharibi tukaziba.
Madirisha yote mawili, tofali juu ya tofali,
siku moja mama alipokwenda kliniki.

Masika yakaja, tangi likajaa likamwagika.
Juni ikashusha baridi yake ya mlimani,
lakini mawe yalikuwa yameweka akiba ya jua la mchana
na kuilipa usiku, kidogo kidogo, kama mdaiwa mwaminifu.
Januari Eliawony alifika, akaketi, akanyamaza,
akaanza kuinua mito ya kochi.
"Rimoti mmeificha wapi?"
Nilicheka mpaka nikashika ukuta,
nao ulikuwa baridi kama tumbo la mtungi.

Saa kumi na moja mama akabeba kigoda chake
akatoka kwenda kukaa juani.
"Mama, ndani kuna ubaridi."
"Najua. Mmejenga vizuri."
Akafuta jasho la mdomo wa juu kwa ncha ya kanga.
"Zamu ya magunia ilikuwa ikitoka saa hizi.
Kwa dirisha lile nilikuwa namwona
tangu anavuka daraja, ameshika koti begani.
Nikiwasha chai, inachemka anagusa mlango."

Miaka kumi na minne tangu tumzike.
Sikujua kwamba chai bado inawashwa.

Asubuhi Ndelilio alirudi na patasi,
akinung'unika kuhusu plasta yake mpya.
Alitoa matofali matatu tu
kwa kimo cha mtu aliyeketi kwenye kigoda.
Jua sasa linaingia pale, upana wa uso,
linakaa kama nusu saa,
linagusa kikombe, linapanda ukutani, linakwenda zake.
Chumba hakiungui.

Kwenye ramani ya manispaa
Ndelilio aliuliza lile tundu aliandikie nini:
si dirisha, si la hewa.
Nikamwambia, acha wazi.