Mluzi

Ghorofa ya tatu. Vidato sitini na viwili.
Waliojenga nyumba hii, hapa Łódź,
walifikiria vitambaa na viwanda;
hawakufikiria lifti, wala mbwa, wala uzee.

Guzik, maana yake kifungo,
ana mgongo mrefu kama benchi la kanisani
juu ya miguu ya kiti cha mtoto.
"Pingili zimechakaa, mama," daktari Żaneta aliniambia.
"Ngazi ni marufuku. Kupanda na kushuka."
Basi nambeba, asubuhi, adhuhuri, na saa nne usiku,
huku Ryszard wa ghorofa ya pili
akichungulia mlangoni: "Mbwa si mtoto, Bogumiła!"
Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.
Ajaribu yeye kulibeba kanda hili likiwa limelowa theluji,
likinusa shingo yako, likishukuru.

Chumvi ya barabarani inamchoma nyayo,
kwa hiyo kuna beseni, kuna maji ya vuguvugu,
kuna taulo lililokuwa la Zenon.
Kisha kidonge.
Nakificha ndani ya soseji ya maini,
nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa,
naye ananipaka yake:
anameza, anatikisa mkia, anaomba nyingine,
na Ijumaa nikifagia nakuta vidonge vitatu chini ya zulia,
vikavu, vimelambwa vikang'aa.

Zenon ndiye aliyemfundisha.
Hakupenda maneno, hata na mimi.
Mluzi mmoja mfupi: kaa.
Mmoja mrefu, unaopanda mwishoni: njoo.
Miwili ya haraka: tema hicho,
hata kiwe mfupa wa bata.
Mimi siku hizo nilikuwa naendesha tramu,
nilichojua kupiga ni kengele.
Oktoba tukamzika Zenon,
na mbwa akabaki na lugha isiyo na msemaji.

Jumanne, kliniki.
Guzik chini ya kiti, anatetemeka mpaka kiti kinatetemeka.
Mizani inamngoja, bapa, baridi.
Nikasema kaa. Nikasema tafadhali.
Nikamwita mwanangu, nikamwita mwana wa mbwa,
jambo ambalo halikumuumiza.
Kila tukimpandisha, anateleza kama sabuni,
na daktari ameshika sindano, na foleni inakohoa.

Nikayatoa meno yangu ya juu.
Mbele ya watu, mbele ya kasuku wa mtu,
nikayafunga kwenye leso
nikapuliza.
Haukuwa mluzi. Ulikuwa birika
lililosahau jinsi ya kuchemka.
Mara ya pili, upepo mtupu.
Mara ya tatu ukatoka, mfupi, mwembamba,
na sikio moja likasimama.

Aliangalia mlango kwanza.

Aliuangalia muda mrefu. Hakuna aliyesema kitu,
hata kasuku.
Ndipo akageuka, akanitazama mdomo,
akapanda mizani mwenyewe, akakaa.
"Kumi na moja na gramu mia mbili," daktari alisema.
"Amepungua. Vizuri sana."
Nilikuwa natafuta leso nyingine.

Usiku huu meno yamo kwenye glasi.
Nimekaa jikoni nikiujaribu ule mrefu.
Haupandi. Unafika kama kidato cha arobaini
unasimama, unahema.
Ryszard anagonga dari lake kwa mpini wa ufagio.
Najaribu tena.
Kutoka chumbani nasikia kucha kwenye mbao,
polepole, bila haraka ya kutii:
anakuja kwa hisani tu,
kama mwalimu anayemkubalia mwanafunzi jibu
ambalo si sahihi,
lakini linaelekea huko.