Waliobaki

Mara mbili kwa juma napandisha maji mlimani,
lita elfu kumi na tano, gia ya kwanza, kona baada ya kona,
hadi mita elfu tano, ambako pua hutoka damu
na jasho hukauka kabla hujalihisi.
Maji ya kunywa, ya vyoo, ya chai ya wanafalaki.
Huwacheka moyoni: kiu imewashika hapa,
wao wanatafuta maji Mirihi.

Jana mpira wa tangi uliganda. Nikangoja ndani.
Daktari Llanquiray, mzaliwa wa kusini kunakonyesha hata siku za arusi,
akanionyesha mstari wa nuru kwenye kioo:
una pengo dogo, kama jino lililong'oka.
"Hewa ya Mirihi hiyo. Inatoa ushahidi."

Hewa inajuaje habari za bahari?

Akasema haidrojeni ya maji ni ndugu wawili,
mwepesi na mzito. Jua huyavunja maji,
mwepesi akaruka zake, haagi, hageuki nyuma.
Mzito naye huondoka, ila kwa nadra; husitasita mlangoni.
Miaka bilioni kadhaa ya kuhama hivyo.
"Leo huko wazito wamezidi mara sita ya hapa kwetu.
Hesabu waliobaki, utawajua walioondoka."

Nikanyamaza. Sikuwa nikifikiria Mirihi.

Nilikuwa Purisaca, nyumba thelathini na mbili,
mwaka ule mgodi ulipozamisha visima
na chemchemi yetu ikaanza kukohoa.
Wepesi walitangulia: wachumba, mwalimu, mpiga tarumbeta.
Na mimi, na begi la kuazima.
Niliporudi kuzika nilikuta watu tisa,
mdogo wao shangazi Domitila, miaka sabini na moja, goti bovu,
na kanisani mabenchi ya watu mia mbili.

"Bahari yenyewe ilikuwa na kina gani?"
"Tunabishana bado," akasema. "Mengine hayakuruka.
Yalizama mwambani."

Puri, kwa lugha ya bibi wa bibi yangu, ni maji.
Lugha yenyewe imekwisha; neno hilo zito
limeng'ang'ania kibao cha barabarani, lina matundu ya risasi.

Saa nne mpira uliyeyuka. Nikafungua koki.
Tone moja likaanguka juu ya kiatu changu,
likakauka kabla sijainama.
Sasa najua ni nani aliyetangulia.