Daftari la Mafunzo, Isevya

Siku ya kwanza fundi Lugusha hakuniuliza nimesoma nini.
Alinitupia mita ishirini za waya: "Kunja."
Nikakunja kama kamba ya kisima, kiganja kwa kiwiko,
akaufungua wote sakafuni.
"Waya una kinyongo," akasema. "Uupinde kwa nguvu leo,
kesho utakukatikia katikati ya harusi ya watu."
Duara moja juu, duara moja chini,
mkono uuache uamue wenyewe unapotaka kulala.
Wiki nzima, hiyo tu. Na mimi nilishuka Tabora
na cheti cha nadharia kwenye bahasha ya kaki,
mimi ninayeweza kuandika sauti nne za kwaya huku nasinzia.

Kwenye daftari la chuo, mahali pa Kazi Zilizofanyika,
niliandika: Utunzaji wa vifaa.
Neno zuri. Halina vumbi.

Studio ni chumba cha uani, nyuma ya duka la pembejeo,
kuta zimevaa trei za mayai na mablanketi ya kijivu.
Reli iko karibu, karibu mno,
hata ratiba ya kurekodi imebandikwa mlangoni pamoja na ya treni:
ya Kigoma, ya Mpanda, ya Mwanza,
na ile ya mizigo isiyo na adabu, inayokuja ipendapo.
Honi yake naijua sasa. Inaanza kwenye fa,
ikishatupita inashuka kidogo,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Hilo halimo kwenye mtihani wowote.

Nimejifunza kununua petroli ya jenereta kwa chupa,
kudai salio bila kuonekana nadai,
na kusema "ilikuwa nzuri, tujaribu tena"
pale ambapo haikuwa nzuri.

Jumamosi ile ilikuja kwaya kutoka Ipuli,
watu kumi na saba kwenye chumba cha watu sita,
feni tumeizima maana inavuma.
Kati yao Nyamizi Igosha, muuza asali,
moshi wa mizinga ungali kwenye kitenge chake.
Aliimba mstari wa kwanza
na fundi, aliyekuwa anakula karanga, akaacha kutafuna.

Baadaye nikatoa fomu. Kazi hiyo ni yangu,
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.
Mtunzi?
"Andika kwaya," akasema mwenyekiti, Bwana Kitundu.
Akafikiri. "Au niandike mimi. Si nitatia sahihi mimi?"
Nikauliza wimbo ulitoka kwa nani.
Mtu wa besi akatazama viatu vyake.
"Ulinijia nikikamua masega," Nyamizi akasema,
kwa sauti ya mtu anayekiri deni.

Haki ya Mungu, kalamu ile ilikuwa nzito
kuliko spika zote nilizobeba kutoka Cheyo mpaka Kiloleni.
Nikaliandika jina lake, herufi kwa herufi,
Bwana Kitundu akihema juu ya bega langu.
"Nisomee," akasema mama. "Mimi na karatasi hatujuani."
Nikasoma: Nyamizi Igosha, mtunzi.
Akaniomba nirudie.
Hakuna aliyeona taa nyekundu bado inawaka.

Jumatatu, kwenye kompyuta, nikalikuta jina:
sekunde nne, sauti yangu inatetemeka,
kisha kiti kinalia, kisha mtu anacheka polepole.
"Kata hapo," fundi akasema.
Nikakata.
Nakala ninayo.

Bwana Kitundu hajamaliza kulipa, na anasema hatamaliza.
Mhadhiri atakuja Alhamisi kunikagua,
atafungua daftari, atatafuta maneno makubwa.
Lugusha amekwisha kujaza maoni ya msimamizi,
mstari mmoja, wino wa bluu, mafuta ya karanga pembeni:
Anajua kukunja waya.