Barua Iliyo Chini ya Bakuli la Chumvi

Mgeni wangu nisiyekujua,
ufunguo mrefu ni wa lango la chini.
Ule mfupi una kiburi:
uvute mlango kwako kwanza, ndipo uuzungushe.
Ngazi ni themanini na sita.
Taa hujizima kabla hujafika orofa ya nne.
Usipige kelele. Hesabu.
Giza likikukuta zimebaki kumi na moja,
na ya saba imebonyea.

Usishangae dari kuwa juu namna hii.
Hapa kilisimama kitanda cha mfumi;
babu wa babu wa mume wangu
alifuma hariri ambayo hakuivaa.
Balbu ya sebuleni imeungua tangu Februari.
Iache. Lyon nzima haina ngazi ya kuifikia.

Asubuhi teremka kwa Nawel, duka la mkate la pembeni,
na hapa unisikilize, maana wageni wengi huangukia hapa:
usianze na mkate.
Anza na bonjour, ukiwa bado mlangoni,
hata kama umeloa,
hata kama hakuna anayekutazama.
Nilimwona mtu mzima, saa ya thamani mkononi,
akinyoosha kidole: “Ule pale, miwili.”
Nawel akafuta kaunta. Akamtazama.
Akafuta tena palipokwisha kung’aa.
Kisha akamwambia bonjour, polepole,
kama anayemfunza mtoto kufunga kamba za viatu.
Foleni nzima kimya.
Bwana yule akarudi mwanzo, masikio mekundu,
akatoka na mikate yake miwili na akili moja zaidi.

Njiani ng’ata ncha ya mkate.
Aibu ni kufika nao mzima.

Sokoni usiende Jumatatu, utakuta njiwa tu.
Siku nyingine usibonyeze pichi za watu:
mwambie mwuzaji utaila lini,
jioni hii au kesho mchana,
naye atakuchagulia kama anayemchagulia binti yake mchumba.

Chakula cha mchana hufa saa nane kamili.
Ukija na robo utakuta viti vimepinduliwa juu ya meza.
Maji ya jagi ni bure, yaombe bila haya.
Mhudumu asipokuletea hesabu hajakusahau;
ni wewe hujaiomba.
Na mtu akikuinamia kukubusu, mpe shavu la kulia,
au la kushoto, sijui,
nina miaka sabini na minane na bado nagongana pua.

Chupa tupu zipeleke kwenye pipa la vioo, uwanjani,
kabla ya saa nne usiku.
Bwana Fayolle ana masikio ya popo.

Kuhusu Bwana Fayolle, orofa ya tatu, mlango wa kijani.
Zamani, mwaka tisini na tisa,
alisema baiskeli ya mume wangu inaziba ngazi.
Ilikuwa inaziba.
Mume wangu alimjibu neno nisiloliandika hapa,
na tangu siku ile tunapishana
kama kabati na ukuta.
Baiskeli iliuzwa. Mume wangu alizikwa mwezi wa theluji.
Jioni ile nilikuta maua mlangoni, hayana kadi,
na chini ngazini nikasikia kikohozi ninachokijua.
Mimi huyu, mwalimu wa wageni,
sikushuka.

Wananiwekea nyonga mpya; wiki tatu, wamesema, labda nne.
Ukikutana naye, mpishe upande wenye mhimili,
goti lake la kushoto halikunjiki.
Sema bonjour.
Usimwambie ni yangu.
Au mwambie, ukiona ametua pakacha lake
na hana haraka.

Jeraniamu hunywa maji Jumapili.
Nawel hufungua saa kumi na mbili na nusu.

Huguette Chavanne