Maelekezo kwa Shemeji Anayeazima Gari

Ufunguo huu hapa, Shemeji Nnunduma, ila usiondoke kwanza.
Mlango wa dereva haufunguki kwa nje.
Ingiza mkono dirishani, vuta uzi wa katani
niliofunga pale palipokuwa na kitasa.
Taratibu. Huo si mlango wa benki.

Kiti chako nimekishona kwa sindano ya magunia,
nikakivika gunia lenyewe, la korosho, nimelifua mara tatu,
na bado linanuka msimu ule tuliolipwa kwa ahadi.

Fundi Nandonde alitaka laki na themanini
kwa mashine ya kioo peke yake.
Nikamwuliza, hicho kioo kitaniimbia?
Nikarudi nyumbani, nikachukua bisibisi ya cherehani,
kisu cha mezani na birika la maji ya moto.
Plastiki ikizeeka, shemeji, ni kama mkwe:
ukiilazimisha inavunjika,
ukiipasha joto kidogo inakusikiliza.
Hata hivyo klipu tisa zilikatika. Tik. Tik.
Nilizihesabu kama anayelipa faini.
Mahali pake nimepachika kandambili,
ile ya bluu aliyoiacha Mahmudu alipokwenda bweni,
nimeikata vipande kama muhogo wa kukaanga,
ndiyo maana dashibodi hainong'oni tena
mpaka upite Nanyamba.
Ukipita Nanyamba itaanza.
Igonge kwa kiganja, mara moja. Usiitukane.

Tundu la upepo nililiunga kwa gundi ya matone
na majivu ya jikoni. Limekuwa jiwe.
Linampulizia abiria tu, milele,
wewe utatoka jasho.

Ndani ya mlango wa nyuma, chini kabisa kwenye kutu,
nilikuta pini ya nywele ya mtoto, nyekundu,
na sarafu ya Kijapani yenye tundu katikati.
Nilikaa nayo kizingitini mpaka chai ikapoa.
Nani huko alikaripiwa kwa kuidondosha?
Alilia mpaka wapi, njia ya kwenda wapi?
Kisha nikaona tundu lake
linalingana na skrubu ya kishikio.
Sasa ndiyo washa. Imebana kuliko ya dukani.
Pini iko kwenye droo ya mbele, usiitupe,
huwezi kujua.

Kioo cha abiria kilinishinda. Nasema kweli.
Kimesimama kwa kabari ya mkorosho;
kabari ikichomoka, kioo kinazama mlangoni
na hutakiona tena mpaka unirudishie gari.
Vumbi la Tandahimba likija, mjifunike.

Halafu dari.
Kitambaa chake kilikuwa kimeshuka,
kinatulalia vichwani kama mkono wa mlevi.
Bi Somoe akapima, akakata, akabandika
kanga ya mama, upande ule uliobaki.
Upande wa pili aliondoka nao.
Maandishi yalikuwa marefu kuliko gari:
juu ya kiti cha nyuma utasoma CHANGU HATA KIKIWA
na basi, hapo mkasi ulipita.
Kila niliyempakia amemalizia lake.
Mwalimu wa hesabu alisema, kidogo.
Nandonde, kwa kinyongo chake, alisema, kibovu.
Mimi nikiwa peke yangu, usiku, sisemi kitu,
nazima taa ya ndani, nayo pia huzimika ikitaka.

Kwa hiyo Esha akitoka Ligula
mpandishe nyuma yako, mlango wenye sarafu,
ndio mzima kuliko yote.
Ufunge kama unavyofunika chungu cha ubwabwa.
Mafuta nimetia ya elfu ishirini, yanatosha kurudi
kama hutapita kwa rafiki zako.
Mtoto alale chali mapajani mwa mama yake.
Ataitazama ile kanga njia nzima mpaka Newala.
Usimsomee.